Mgeni wa Shirleen

Watu wa mtaa wetu wa Maringo walisema Muhonja amerukwa na akili, na mimi niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja, pazia katikati, sikuwa na nguvu za kuwajibu. Mjane, kibarua wa kiwanda cha sabuni kule Industrial Area, anakwenda jangwa la Chalbi kushindana na Wazungu mbio za siku tatu! Waache waseme. Sababu tuliijua sisi wawili tu.

Sababu ilikuwa Shirleen, binti yake wa miaka minane. Mumewe alipokufa, Muhonja alishindwa kumlisha mtoto, sembuse kumsomesha. Kule Njiru kulikuwa na shule ya bweni ya shirika fulani iliyochukua watoto waliofiwa na wazazi wote wawili. Kufiwa na mmoja hakukutosha. Basi mimi ndiye niliyempeleka, nikajiita shangazi, nikasema mama naye tumemzika. Na ningefanya hivyo tena kesho. Mtoto alikuwa amekonda mpaka shingo haibebi kichwa.

Tangu hapo, mwaka na nusu, Muhonja hakumtia mwanawe machoni. Siku za kutembelewa nilikwenda mimi, na nikirudi alinihoji mpaka nikachoka. Amenenepa? Bado anakohoa? Halafu mwaka wa tisini na sita kanisani pakatangazwa mbio za kuichangia shule ile ile. Kila mkimbiaji atakayemaliza angepelekwa Njiru kuwaona watoto. Muhonja, aliyekuwa mkimbiaji tangu usichana wake kwao Maragoli, alijiandikisha siku iyo hiyo.

Mbio zenyewe sitazisimulia sana, maana hata yeye hakuzisimulia. Alisema mchanga ulichoma kupitia soli, na kwamba siku ya pili alikojoa damu akamficha daktari asije akamtoa mashindanoni. Alimaliza nyuma ya karibu wote, anachechemea, kucha za miguu zimeng'oka. Lakini alimaliza.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa Njiru, yeye kwenye viti vya wageni, mimi kwenye benchi la jamaa. Shirleen nilikuwa nimeshamwambia mapema: mama atakuja, lakini siku hiyo atakuwa mgeni tu. Akaniahidi atanyamaza.

Watoto waliimba. Kisha mkurugenzi, mama mpole mwenye miwani, akataka mtoto mmoja amvishe Muhonja shada la maua. Kati ya watoto wote wale, akamwita Shirleen.

Msichana akaja bila kusita.

"Karibu mgeni wetu. Mimi naitwa Shirleen. Baba na mama yangu walikufa. Asante kwa kukimbia kwa ajili yetu."

Hakupepesa jicho. Muhonja akainama akavishwa maua, na hapo mtoto akaushika mkono wake, akaung'ang'ania. Wengine walidhani ni adabu. Nikashusha pumzi, nikajiambia hawa wawili wanaweza.

Ndipo mkurugenzi akauliza, kwa furaha tu, "Na wewe, Muhonja, una watoto?"

"Hapana," akajibu haraka. "Sina mtoto. Sijawahi kupata."

Shirleen alikuwa amefundishwa kusema mama yake amekufa. Kulisikia neno lile hakuna aliyemfundisha. Alimtazama mama yake usoni, mdomo wazi, kisha akauachilia mkono, akarudi mstarini kwa wenzake. Tulipoondoka watoto wote walitupungia. Yeye alikuwa ameinama, anachezea kifungo cha sweta.

Tulipofika nyumbani nilishindwa kuvumilia, nikamfokea.

"Si ungesema tu uko na mmoja! Nani angekuuliza ako wapi?"

Akaketi kitandani, akaanza kuvua viatu polepole. Soksi zilikuwa zimegandamana na vidonda.

"Hiyo haikunijia akilini, Mama Bwire," akasema. "Haikunijia kabisa."