Faili Lililofungwa Bila Jibu

Jina la Bi Fafanua alipewa na wauguzi wa wodi ya moyo, kwa dhihaka. Kazi yake ilikuwa kukaa masjala, kusoma faili la kila mgonjwa aliyeruhusiwa, na kuugeuza ugonjwa aliouandika daktari kuwa namba ya kuingizwa kwenye kompyuta. Maandishi yakiwa nusunusu, alibandika kikaratasi cha njano juu ya jalada: "Daktari, tafadhali fafanua." Kwa miaka kumi na saba alibandika hivyo, mpaka wengine wakasahau jina alilopewa na wazazi wake.

Wodi ya moyo ndiyo iliyomtoa jasho. Moyo una valvu nne, milango midogo ya kupitishia damu. Kila moja inaweza kusinyaa isifunguke sawasawa, au kulegea ikarudisha damu ilikotoka, na kila hali ina namba yake. Kama chanzo ni homa ya baridi yabisi ya utotoni, namba hubadilika tena. Daktari bingwa alikuwa hodari wa mikono lakini mvivu wa kalamu. Aliandika tu, "Ugonjwa wa valvu." Ipi? Imefanyaje? Hilo alibaki nalo moyoni mwake, kama fundi anayemwambia mtu gari lake ni bovu kisha akaenda zake kunywa chai.

Na karani haruhusiwi kukisia. Hata kama majibu ya picha ya moyo yamo ndani ya faili na yanasema kila kitu waziwazi, neno la mwisho ni la daktari anayemtibu mgonjwa. Bi Fafanua hakuwa na ugomvi na sheria hiyo. Ugomvi wake ulikuwa na watu wanaoulizwa wakakaa kimya.

Jumanne moja asubuhi alikuja dirishani mwanamke aliyeshika kadi ya kliniki, akasema mgonjwa ni wifi yake, mshonaji wa nguo za shule. Akaeleza kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuzungushwa sana, kwamba wifi yake aliahidiwa kupanuliwa valvu kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa paja. Timu ya madaktari wageni ilikuwa ifike wiki hiyo. Orodha imebandikwa, jina lake halimo. Mapokezi wakamtuma kliniki, kliniki wakamtuma mapokezi.

"Siku hizi analala ameketi, dada," alisema. "Akijinyoosha tu, pumzi inakata."

Bi Fafanua alilivuta faili. Kikaratasi chake kilikuwa kimebanduliwa, gundi tu ndiyo iliyobaki. Alipofungua kompyuta akaona kwamba faili lilikwisha kufungwa, kwa namba ya ugonjwa wa valvu usiobainishwa. Hakuwa ameiingiza yeye. Na orodha ya timu ile ilitolewa na kompyuta kwa kufuata namba: waliosinyaa valvu ya kushoto waliingia, asiyebainishwa akaachwa nje.

Alikwenda kwa mkuu wa masjala, akamuuliza ni nani aliyelifunga. Mkuu hakuona haya. Alisema ripoti ya mwezi ilikuwa inadaiwa juu, na mafaili mia moja na sitini yalikuwa yamekwama kwa sababu ya vikaratasi vyake. Akayafunga yote siku moja, na ripoti ikasifiwa.

Damu ilimpanda Bi Fafanua hadi masikioni. Alilikumbatia lile faili, akamwomba yule wifi amfuate, akapanda ngazi hadi kliniki ya moyo. Daktari bingwa alikuwa kati ya mgonjwa na mgonjwa. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akasema kwamba hayo ni mambo ya makarani.

"Tena kila mtu hapa anajua mgonjwa yule ana nini," aliongeza.

"Kila mtu anajua, Daktari, lakini hakuna aliyeandika. Nilikuuliza wiki saba zilizopita."

Daktari alimtazama wifi mlangoni, akakaa. Aliyasoma majibu ya picha na kuandika: valvu ya kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, imesinyaa vibaya, kutokana na homa ya baridi yabisi. Kalamu ilipofika kwenye tarehe, akaanza kuandika ya wiki saba nyuma. Bi Fafanua aliweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Ya leo," alisema. "Nyongeza hupewa tarehe ya siku inapoandikwa."

Daktari alikunja uso, lakini aliandika ya leo.

Mchana huohuo jina la mshonaji liliingizwa, na Alhamisi akapanuliwa valvu. Wifi yake alirudi dirishani kusema kwamba mgonjwa amelala chali usiku kucha, na akacheka kwa kuona ajabu kushukuru kwa jambo kama hilo.

Lakini Bi Fafanua hakuweza kucheka naye. Alikuwa ameyapekua yale mafaili mia moja na sitini, akakuta mengine kumi na moja ya valvu yaliyofungwa vilevile. Kumi yalirekebishwa. La kumi na moja lilikuwa la mlinzi wa kiwanda, ambaye picha ya moyo ilionyesha valvu iliyosinyaa. Alipopiga simu, binti yake akasema baba wamemzika wiki mbili zilizopita.

Siku iliyofuata mkuu wa masjala alimpa barua ya onyo kwa kuacha kituo chake cha kazi. Aliijibu kwa ukurasa mmoja: namba za mafaili kumi na mawili, tarehe alizouliza, na tarehe yalipofungwa. Nyumbani mume wake alipousoma alimwambia auwekee maneno ya adabu kidogo. Akasema tarehe hazina utovu wa adabu, akaupeleka ulivyo. Hadi leo hajajibiwa.

Kisha akalipandisha faili la mlinzi kliniki. Mkuu alimuuliza lina faida gani sasa, mwenyewe hayupo.

"Ataingia kwenye hesabu ya waliokufa kwa valvu iliyosinyaa," alisema. "Mnataka asiingie popote?"

Daktari bingwa aliandika ufafanuzi bila kuinua macho, akaweka tarehe ya siku hiyo.