Samahani ya Clothilde

Clothilde, mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee huko Haltom City, Marekani, aliitwa shuleni kwa ajili ya binti yake, Tania. Msichana mmoja Mzungu alimvuta Tania nywele zake zilizosukwa, wakiwa kwenye foleni ya chakula. Tania akamsukuma. Yule msichana alionywa tu. Tania alirudishwa nyumbani, na sasa ilikuwa inaamuliwa kama ahamishiwe shule ya nidhamu, wanakopelekwa watoto wanaohesabiwa watukutu.

Kwao Bukavu, mzazi akiitwa shuleni hutanguliza samahani. Humkaripia mtoto kwanza, awe amekosa au hakukosa, ili mwalimu naye alegeze, aseme, “Basi mama, huyu ni mtoto wetu sote.” Hapo ndipo mazungumzo huanza.

“Mutusamehe, mwalimu,” Clothilde alisema, mkalimani akitafsiri kwenye simu. “Mtoto amekosa.”

Akasubiri zamu ya upande wa pili.

“Asante kwa kukubali kosa,” alijibu naibu mkuu wa shule. “Basi, atahamia kule hadi mwisho wa muhula.”

“Na yule mwengine je?”

“Hatuzungumzii watoto wa wengine.”

Ndani ya gari Tania alilia kwa hasira. “Mama, nilikueleza yote! Kwa nini umesema nimekosa?”

“Ile ilikuwa heshima tu, mwanangu.”

“Heshima? Wameshaifanya ushahidi!”

Jumapili, baada ya ibada, mzee Godefroid wa kanisani kwao, aliyekwisha kusikia habari hizo, alimtania: “Dada, hapa hata ukimkanyaga mtu usiombe radhi. Muulize kwanza mguu wake ulikuwa unatafuta nini.”

Clothilde hakucheka. Alikata rufaa, akarudi shuleni, na safari hii hakutanguliza samahani wala salamu ndefu.

“Mwanangu alivutwa nywele. Aliyemvuta yuko darasani. Wangu yuko nyumbani. Nielezeni.”

“Lakini mama,” naibu alisema kwa upole uliomkera zaidi, “wewe mwenyewe ulikubali.”

Uamuzi haukubadilika.

Jumatatu ya wiki iliyofuata akampeleka Tania kwenye shule ile nyingine. Watoto walikuwa wamepanga mstari mlangoni wakipekuliwa mabegi, karibu wote weusi na Walatino. Clothilde alitafuta uso wa yule msichana wa foleni ya chakula, ingawa alijua hayupo.

Zipu ya begi la Tania ilikwama. Mlinzi akaguna, na mstari ukasimama.

Samahani ilimfika Clothilde mdomoni. Akaimeza, akasimama kando ya binti yake mpaka zipu ikafunguka.