Vishikio Viwili Nilivyokata Kwenye Jabali

Mtu akiniuliza mdogo wangu alipoteaje, mimi huanza na jabali la ziwani, naye huniona nimechanganyikiwa. Huenda ni kweli. Shule niliishia darasa la nne, mambo mengi yananipita juu ya kichwa. Lakini waliohusika nawajua. Nitawataja kwa sura zao, maana majina siyataki mdomoni mwangu.

Miaka ile ya ukimbizi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nimetoka Burundi, nimejibanza Buzebazeba, mtaa wa kando ya ziwa ng'ambo ya mpaka, kwa mzee mmoja Muha aliyeuza kokoto. Kibali cha kukaa nje ya kambi sikuwa nacho. Nilipasua mawe ufukweni kwa nyundo na patasi, kazi aliyonifundisha baba kabla hawajamuua. Mgambo wakipita, mzee anawaambia, "Huyu ni mtoto wa dada yangu wa Kalinzi," nami nakaza macho kwenye jiwe, nisije nikasalimia, matamshi yakanisaliti.

Siku moja mama mmoja wa kilima chetu kule Burundi, aliyekuwa akiuza mawese, alinijia pale pale kwenye kokoto.

"Sha," akaniita kama tuitanavyo kwetu, "mdogo wako nimemwona."

Nilidhani ananitania. Mdogo wangu alikuwa msichana wa miaka tisa. Alinichomoka mkononi mpakani, risasi zinalia, na nilipogeuka nilikuta nimeshika mkono wa mtoto wa watu wengine.

"Yuko kambini, upande wa Kasulu. Anakaa na bibi mmoja karibu na mabomba ya maji. Nenda upesi. Watoto wasio na ndugu wanaandikwa. Akija mtu akadai ni wake, anapewa."

Nenda upesi, kwa njia gani? Barabara ya Kasulu ilijaa vizuizi. Mkimbizi akishushwa kwenye lori hakuna ajuaye atapelekwa wapi.

Wiki hiyo hiyo ndipo lilipokuja kombi.

Lilikuwa gari kuukuu la rangi ya maziwa, ndani limegeuzwa nyumba. Kitanda cha mbao kinakunjwa kinakuwa meza, jiko la gesi, mapazia, masufuria yamefungwa kamba yasianguke barabarani. Walikaa humo wazungu wawili, mwanamume mrefu mwenye ndevu na mwanamke mwembamba mwenye vidole vilivyochubuka. Walikuwa na mkalimani, mtu mzima wa Ujiji, kofia ya kufuma haimtoki kichwani. Walitaka kujua jabali gani la ufukweni ni refu na halimeguki. Wakaelekezwa kwangu.

Niliwaonyesha moja, mwendo mfupi kusini mwa mji, linaloanzia majini na kupanda kama ukuta wa ngome. Mwanamke alilipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Wanataka kulipanda," mkalimani akaniambia.

"Juu kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Nyuma kuna njia ya mbuzi. Dakika kumi umefika."

Akawatafsiria. Wakacheka sana, nikacheka nao, sijui tunacheka nini.

Tulikubaliana hivi: niwapikie, nilinde gari, nishike kamba. Wakimaliza jabali wanaelekea kaskazini, watapita Kasulu na kunifikisha kwenye lango la kambi. Mwanamke mwenyewe aliahidi, mkono kifuani. Nami nilikwisha kuona nguvu ya lile kombi. Kwenye kizuizi, askari akiona nyuso zile mbele, anainua mti na kupiga saluti. Nimekaa nyuma kati ya masufuria, mkimbizi asiye na karatasi, napigiwa saluti.

Basi nikahamia pale. Niliyefukuzwa kwetu nikawa nawapikia watu waliojifukuza wenyewe. Walikuwa na nyumba huko kwao, mkalimani aliniambia, wakaiacha kwa hiari wakae garini, waoge ziwani, waanike soksi kwenye vioo vya gari. Nilimuuliza wamekosana na nani. Akasema hawajakosana na mtu. Mpaka leo hilo sijalielewa.

Jabali lilikuwa na mahali pamoja pabaya, karibu na juu, palipokuwa laini kama kioo. Mwanamume alishindwa mapema akaacha. Mwanamke hakuacha. Kila siku anapanda, anafika pale, anaanguka, kamba inamdaka, nami chini navutwa mpaka visigino vinachimba mchanga. Anashuka, anafunga vidole plasta, anapumzika siku nzima. Siku nne. Siku saba. Mimi nahesabu siku za mdogo wangu, yeye anahesabu vidole vya miguu, wapi aviweke.

"Muulize tutaondoka lini," nilimwomba mkalimani.

"Akipita pale."

"Asipopita?"

"Basi tutazeeka hapa, mdogo wangu. Wali upo."

Sasa nisikilize. Kwetu mlimani, mwali akiolewa akaja kwenye kilima chetu, baba yangu alichukua patasi akamkatia vidato kwenye mwamba wa kushukia kisimani, asije akateleza na mtungi. Hakuna aliyemtuma. Aliyemwona mtu anateleza kila siku, na patasi anayo, akakaa tu, huyo kwetu hana utu.

Siku ya kumi walikwenda mjini wote watatu, kutafuta petroli na mkate. Asubuhi nzima nilikuwa peke yangu. Nilizunguka kwa njia ya mbuzi mpaka juu, nikajifunga kamba kwenye vyuma viwili alivyopigilia yule mwanamume mwenyewe siku ya kwanza, vya kufungia kamba yao, nikashuka mpaka pale pabaya. Nikakata vishikio viwili. Kazi safi, kingo nimezilainisha zisimkate vidole. Baba angeviona angeridhika.

Waliporudi sikusema kitu. Nilitaka afurahi mwenyewe. Jioni jua limepoa, mwanamke akapanda, mwanamume kashika kamba. Akafika pale. Mkono ukapanda, ukashika, mguu ukafuata, akapita! Akapiga kelele za furaha mpaka wavuvi kwenye mtumbwi wakajibu. Mimi chini narukaruka, namwona mdogo wangu ananijia mbio kutoka kwenye mabomba.

Halafu akashuka kidogo. Nilimwona ananing'inia kwenye kamba, anavirudia vile vishikio, anavipapasa, anatazama vumbi jeupe kwenye ncha za vidole. Alipofika chini hakumtazama mtu.

Mwanamume aliuliza kitu kwa sauti ndogo.

"Anauliza nani amelikata jabali," mkalimani akasema.

"Mwambie ni mimi. Mwambie asante si lazima."

Mkalimani alinitazama. "Umefanya nini, wewe?"

"Si mlitaka apite?"

Mwanamume alizungumza kirefu. Mkalimani akanimegea kidogo kidogo. Kwamba kwao jabali linaachwa lilivyo. Asiyeweza kupita anarudi nyumbani, anamwachia atakayeweza hata kama hajazaliwa. Kukata ni wizi.

"Nimemwibia nani?"

"Huyo ambaye hajazaliwa."

"Na vyuma vyake kule juu je? Alivipigilia kwa maneno matamu?"

Mkalimani alikohoa, akatafsiri. Mwanamume akajibu kwamba vyuma ni vya usalama, hiyo ni habari nyingine. Ni nyingine vipi? Nimepasua mawe maisha yangu yote, na jiwe haliniambii tundu lipi ni la haki na lipi ni la dhambi.

Siku mbili walikaa wanalitibu jabali. Walichanganya gundi na mchanga, wakaziba nilipokata, wakapaka matope rangi ifanane. Mwanamke alikuwa analia. Sijawahi kuona jeraha likiuguzwa namna ile, na nilitoka nchi ya majeraha.

Siku ya tatu wakafunga masufuria. Nilichukua kifurushi changu nikasimama mlangoni. Mwanamume akatikisa kichwa.

"Anasema hawezi kusafiri na mtu asiyemwamini," mkalimani akasema, macho chini.

"Mwambie kuhusu mtoto."

"Anajua."

"Mwambie tena!"

Akamwambia tena. Nilimtazama mwanamke, yule wa mkono kifuani. Akaingia mbele, akavuta pazia. Ndiyo maana huwa nasema: mwanamume alinikataa, lakini mwanamke ndiye aliyenitupa. Na mkalimani, mtu wa mji ule, mwenye sauti yake, alitafsiri tu, neno lake mwenyewe la kunitetea akalimeza kwa kuogopa kupoteza kibarua. Ninawaweka kwenye kundi moja.

Nami nijiweke humo. Nilikaa siku tatu ufukweni nikidhani watageuza gari.

Halafu nikapita milimani, njia za miguu za Kalinzi kupitia mashamba ya kahawa, nikikwepa vizuizi, mpaka Kasulu na kambi yenyewe. Siku sita. Mabomba niliyaona, bibi nikamkuta anapepeta unga.

"Shikamoo, bibi. Ninamtafuta msichana wa miaka tisa."

"Marahaba. Ameshachukuliwa."

"Lini?"

"Leo siku ya nne. Shangazi yake alikuja, upande wa baba. Wakaondoka."

"Baba hakuwa na dada."

Bibi aliacha kupepeta. Nikamuuliza kama mtoto alikuwa na kovu mguuni, chini ya goti.

"Mwanangu," akasema, "humu nani hana kovu?"

Kwa hiyo hata hilo, kama alikuwa yeye, sijui. Wakati mwingine namwombea awe yeye, na shangazi awe mtu mwema. Wakati mwingine naomba awe mtoto mwingine kabisa.

Kesho yake nilikwenda kujiandikisha, maana sikuwa na pa kurudi. Karani aliuliza kaya yangu ina watu wangapi. Nikasema wawili. Akainua kichwa, akatazama nyuma yangu kumtafuta wa pili.