Ufizi wa Lemi

Harufu ya maji ya chumvi yenye uvuguvugu hunirudisha Koboko, Uganda, jikoni kwetu, miaka ya sabini. Kila asubuhi mama alichovya kitambaa katika maji hayo, akamsafisha mdogo wangu Lemi mdomoni. Lemi hakuwa na jino hata moja. Aliponing'ata kidole kwa ule ufizi wake mgumu, unaoteleza, nilicheka, naye akacheka, ute ukimtiririka hadi kifuani.

Kisha akashikwa na homa na kuhara. Ufizi wa juu ukavimba pande mbili. Shangazi Poni, dada yake baba, alimfungua mdomo pale mlangoni penye mwanga.

"Hii ni meno ya uongo, ndiyo inaleta homa," alisema. "Kama hatutoi, mtoto iko kufa."

Baba alikuwa Arua na lori la tumbaku.

Mwanamke mng'oaji, aliyeitwa na shangazi, alikuja na spoki ya baiskeli iliyonolewa. Mimi nilimshika Lemi miguu. Alichokichokoa kwenye ufizi alikiweka kwenye jani: vitu viwili vyeupe, laini, vidogo kama kiini cha punje ya mahindi. Niwaambie ukweli, sikuhisi kitu. Nilikuwa nikiangalia nzi.

Lemi hakunyonya tena. Alishika chuchu, akaiachia. Baba aliporudi alitupakia kwenye lori mpaka hospitali, Arua. Muuguzi alimtazama mdomoni kwa muda.

"Hiyo ilikuwa meno yake ya kweli," alisema polepole. "Ilikuwa inangoja ndani. Ufizi ndiyo inafunika jino, inashika, uchafu isiingie. Na mtoto ananyonya na ufizi."

Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelekezwa njia.

Lemi alifia hapo. Tulirudi naye akiwa ndani ya shuka. Watu walilia uani. Mimi nilikula mihogo iliyobaki.

Siku zilizofuata nilimwona mama nyuma ya nyumba, ameinama, akikamua matiti yake, maziwa yakidondoka mchangani. Nilidhani anaumwa, nikamwambia shangazi. Shangazi alinitazama tu, akaenda kusimama karibu naye.

Nilikuja kuelewa nilipojifungua mwenyewe, kifua kikajaa hata kabla mtoto hajalilia kunyonya. Maziwa hayakomi siku ya mazishi. Mama alilazimika kuyamwaga, kila siku, mpaka yakakauka yenyewe.