Saa Ambayo Haikuandikwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa jiko la mkaa. Nilitoka Sumbawanga mjini na cheti cha kidato cha nne, cheti cha mwaka mmoja cha uhudumu wa afya, na koti jeupe ambalo mama alilipiga pasi mara mbili. Nilidhani nitapewa wagonjwa. Mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, mzee mfupi aliyevaa sweta juu ya sweta, alinitazama koti kwanza, uso baadaye.

"Jina?"

"Kasiani, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Unajua kuwasha mkaa kwenye upepo?"

"Najua."

"Basi nusu ya udaktari unayo."

Mikasi na koleo tulivichemsha kwa mvuke, dakika thelathini, na mtu alisimama pale pale akiangalia saa. Mhudumu wa afya ndiye alikuwa mtu wa chini kabisa: kuchemsha vyombo, kuosha vidonda, kufunga bandeji, kupiga sindano ukishaaminiwa, na kupiga deki. Wanakijiji hawakujali ngazi hizo. Ukivaa koti wewe ni dokta.

Mchana wa siku hiyo aliletwa mtu kwenye baiskeli, bega limefunguka kwa panga baada ya ugomvi kwenye pombe ya ulezi. Mganga mfawidhi hakumgusa. Aliuliza, "PF3 iko wapi?" Hiyo ni fomu ya polisi. Mtu akiumizwa na mwenzake, siku zile tulisubiri karatasi hiyo ndipo tumtibu. Kituo cha polisi kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa baiskeli. Yule mtu akageuzwa na damu yake, nami nimesimama na koleo la moto mkononi.

Alirudi jioni, mweupe midomo, lakini hai. Tukamshona.

"Usinitazame hivyo," mganga mfawidhi aliniambia. "Nikishona bila karatasi, mahakamani anaitwa nani? Anaitwa mama yako?"

Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sikujua bado kwamba kazi hii inafanywa na watu wanaoogopa.

Sikuwahi kukaa kituo kimoja zaidi ya miaka minne. Wenzangu waliomba uhamisho kufuata familia. Mimi niliomba kwa sababu kila mahali ilifika asubuhi nikaamka na kuona nimeshaijua barabara yote. Nilikaa Mwimbi, nikakaa Mwazye, nikateremka Kasanga ziwani ambako joto lilinivua sweta kwa mara ya kwanza maishani. Hadi leo nikisikia harufu ya dagaa wanaoanikwa, ninamkumbuka muuguzi wa kule, mtawa mrefu tuliyemwita Sista, aliyenifundisha kushona. Alinipa ngozi ya nguruwe na uzi.

"Usivute kama unafunga gunia la mahindi, Kasiani. Ngozi ina mwenyewe."

Baada ya wiki tatu akaugeuza mkono wangu wa kulia, akautazama kiganja kama mtu anayenunua kitu. "Una mkono mwepesi," akasema. "Utunze. Huo ndio shule yako." Kweli, sikuwa na shule nyingine. Wengine walipanda kwa vyeti, mimi nilipanda kwa mkono ule. Watoto walikuwa hawalii nikiwapiga sindano, na kina mama walikuwa wanauliza mlangoni, "Yule wa mkono mwepesi yupo?"

Niliporudi juu uwandani, kwenye nyanda zetu za baridi, nilikuwa na miaka arobaini kasoro, na habari ya PF3 ilikuwa bado inanikaa kooni. Nikaanza kusema kwenye mikutano ya kijiji: damu kwanza, fomu baadaye. Nilisema mbele ya diwani, nilisema kanisani padri aliponiruhusu dakika tano. Nilipata barua mbili za onyo. Jina la mwanaharakati nilipewa na wengine; mimi nilijiona mhudumu wa afya mwenye mdomo.

Kisha ukaja mgogoro wa shamba. Sitakitaja kijiji wala shamba lenyewe, maana watu bado wanaishi pale, uzio kwa uzio. Wanakijiji walisema mpaka umesogezwa ukala mashamba yao ya ulezi. Wenye shamba walisema haukusogezwa. Ng'ombe wakakamatwa, mtu akapigwa, magogo yakalazwa barabarani. Nilikuwa na hakika kwamba siku moja watu watalala chini wanavuja damu, na mtu ataulizia karatasi. Nikakusanya wanawake kumi na mmoja, nikawafundisha huduma ya kwanza chini ya paa la ghala la mazao.

Nawaeleza vijana mnaoingia kazini sasa, kwa sababu hapa ndipo palipo na kosa.

Niliwafundisha kufunga mkazo. Damu ikiruka kutoka mkononi au mguuni na kubonyeza hakuizuii, unazungusha kitambaa juu ya jeraha, unapenyeza kijiti kwenye fundo, unasokota mpaka damu ikatike. Ukishafunga, andika saa kwenye paji la uso la majeruhi, kwa sababu kiungo kilichofungwa kinaanza kufa baada ya saa chache. Na niliwafundisha jambo la pili: aliyepoteza damu anakufa kwa baridi. Nyie mnaujua upepo wa kwetu mwezi wa sita. "Mfunikeni mpaka shingoni," niliwaambia. Niliwarudisha mara nyingi hapo. "Mpaka wapi?" Wakaitikia kama darasa la kwanza: "Mpaka shingoni!"

Aliyeshika haraka kuliko wote alikuwa Mama Gaudensia, mjane, mkulima wa mahindi, mama wa maneno makali na mikono ya haraka. Ndiye aliyekuwa anawasahihisha wenzake kabla yangu.

Mganga Mkuu wa Wilaya aliniita ofisini.

"Kasiani, koti hili halina upande."

"Ndiyo maana nimewaambia na walinzi wa shamba, mzee. Wakiumia tutawafunga na wao."

"Sikia ninachosema. Watu wakikuona umeandaa bandeji, wanaona kama umetangaza vita."

"Mzee, mvua haiji kwa sababu mtu ameezeka."

Alicheka kidogo, akaacha. "Ukiumia huko," akasema, "nitaandika nini?" Swali hilo nilitembea nalo wiki nzima.

Ilikuwa asubuhi, kama saa tatu. Watu walikwenda kwenye uzio na majembe, wakisema wanavuna ulezi wao. Walinzi walikuwa ndani. Nilisimama pembeni na mkoba wangu, koti jeupe juu ya jaketi ili nionekane. Mawe yakaruka. Kisha bunduki. Sikumwona aliyepiga na sijawahi kudai kwamba nilimwona. Nilimwona mzee mmoja ameanguka, nikamkimbilia, na nilipokuwa nimepiga magoti ndipo kitu kilinipiga mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Kwanza sikusikia maumivu. Niliona tu kwamba kitambaa cha gozi nilichoshika kimekuwa chekundu, na bado sijakiweka kwenye jeraha la mtu.

Mama Gaudensia alifika akiwa ameinama.

"Dokta, lala. Lala, wewe!"

"Bonyeza."

"Nabonyeza. Inaruka."

"Funga mkazo."

Alivua kilemba, akazungusha, akapata kijiti, akasokota. Nilipiga kelele. "Piga tu," akasema, "hata mimi nilipiga, na nilizaa saba." Damu ikakatika. Kazi safi, hata Sista angeikubali.

"Andika saa," nikamwambia.

"Kalamu iko wapi?"

"Mfukoni."

Hapo bunduki ikalia tena, watu wakakimbia wakipita juu yetu, na kalamu sijui ilikwenda wapi. Trekta lenye tela lilikuwa limefika kwenye magogo. Tulipakiwa wanne. Mama Gaudensia alivua blanketi alilojitanda, akanifunika mpaka shingoni, akalikunja vizuri chini ya mabega yangu ili upepo usipenye. Akabaki kule na majeruhi wengine.

Barabara ilikuwa imezibwa, tukapita mashambani. Mwendo wa saa moja ulikuwa wa saa tatu. Mzee yule alikuwa ananung'unika pembeni yangu, dada mmoja alikuwa amepigwa risasi pajani, na wa nne, mlinzi wa shamba, alikuwa amepasuliwa kichwa na jiwe. Niliwaangalia wao njia nzima. Mkono uliuma sana, kisha ukauma kidogo, kisha ukaacha. Mtu wa kazi yangu alitakiwa kuogopa maumivu yanapoacha. Mimi nilishukuru.

Kituo tulichofika sitakitaja. Mapokezi kulikuwa na mama mmoja mwoga kama sote tulivyokuwa waoga siku ile.

"PF3?"

Nikainuka kwenye benchi na blanketi langu. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo zaidi ya miaka ishirini. Nilimwambia kwamba dharura inatibiwa kwanza. Nilimtajia mzee, paja, kichwa. Nikataka aitwe mkubwa wake. Akaitwa tabibu, tabibu akampigia mkubwa wake, simu ikakatika, ikapigwa tena. Nilibishana kwa sauti mpaka watu wakasimama mlangoni kusikiliza. Saa zikaenda. Hatimaye tabibu akasema, "Waingizwe. Fomu itafuata." Mama mmoja pale nje akapiga kigelegele.

"Na wewe je?" tabibu akaniuliza.

"Mimi mkono tu. Anza na wale."

Mtu anayebishana vile, amefunikwa vizuri, anaonekana mzima. Wakaanza na wale. Wote watatu walipona.

Blanketi liliondolewa kama saa tisa alasiri. Tabibu akavigusa vidole vyangu, kisha akauliza polepole, "Hiki kimefungwa saa ngapi?"

Niliutazama mkono. Ulikuwa na rangi ya nta.

"Asubuhi," nikasema.

Madaktari wa hospitali ya rufaa hawakuukata. Walipasua, walisafisha, walishona mara tatu. Mkono upo. Unaning'inia kwenye shati kama wa mtu mwingine. Kidole gumba kinasogea kidogo, vingine havikunji, na haushiki hata kijiko. Daktari bingwa, mtu mpole, aliniambia risasi yenyewe haikupita kwenye mishipa mikubwa ya fahamu. "Kilichouharibu ni saa," akasema. Bodi ya madaktari ikakaa, nikastaafishwa kwa sababu za kiafya nikiwa na miaka arobaini na sita. Mganga Mkuu wa Wilaya aliniletea barua mwenyewe nyumbani. Hakukumbusha swali lake.

Kijijini waliambiwa mkono uliharibiwa na risasi. Mimi ndiye niliyewaambia. Mama Gaudensia alikuwa anapanda basi kuja kuniona Sumbawanga, analeta unga wa ulezi, anakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mkono unaendeleaje, dokta?"

"Risasi hii, mama. Tushukuru uhai."

"Nilikaza vizuri?"

"Ulikaza vizuri sana."

Ningemwambiaje kwamba mkazo wake mzuri ulisahaulika chini ya blanketi lake zuri? Nilijiambia namwonea huruma. Nilianza tena kuzunguka, basi hili na lile, mtu asiye na kituo, nikitazama zahanati nilizowahi kufanyia kazi, bila kuingia ndani.

Mwaka huu, mwezi wa nane, watu walianza tena kusimama kwenye uzio ule. Nikasikia kwamba ghala limejaa wanawake, na Mama Gaudensia anafundisha mwenyewe. Nilikwenda. Nilisimama nyuma ya wanawake. Alikuwa amemlaza mmoja wao kwenye mkeka, kamfunga mkazo mkononi, kamfunika.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka shingoni!"

Nikamsubiri amalize, nikamwita nje, nikamwambia yote: muda wa saa sita, benchi, blanketi, maneno ya daktari bingwa. Nilimwambia kosa lilikuwa la fundisho langu na la mdomo wangu, wala si la mikono yake. Nilitegemea atalia.

Hakulia.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu hospitali."

"Mwaka mzima na zaidi. Unakula unga wangu, unaniambia nilikaza vizuri." Sauti yake ilikuwa chini. "Na mimi nafundisha. Unajua nimefundisha vijiji vingapi, Kasiani?"

Hakuwahi kuniita jina kabla ya hapo.

"Sikutaka kukuumiza, mama."

"Mimi siumii. Watakaoumia ni hao watakaofunikwa." Akageuka, akarudi ndani, akamfunua yule wa kwenye mkeka. "Jamani, nimewafundisha vibaya. Mkono uliofungwa unakaa nje ya blanketi, hata kukiwa na baridi ya kuua. Nje! Na kalamu mnaifunga shingoni kwa uzi. Tunaanza upya."

Nyie vijana mtasikia wastaafu wakisema kazi hii ni huruma. Mimi nilifikiri hivyo hivyo, na huruma yangu ikakaa kimya kwa miezi kumi na minne huku fundisho bovu likitembea kwa miguu ya mwanamke mwaminifu. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama utamliza mtu unayempenda. Mimi sina la kuwapa zaidi ya hilo.

Tuliandika majina usiku ule ule: kila mwanamke aliyefundishwa na mimi, na kila aliyefundishwa na Mama Gaudensia. Wa uwandani tumewafikia wote, kwa miguu, kwa baiskeli, wengine kwa simu, na tumehakikisha kila mmoja anarudia maneno mapya mbele yetu. Wawili walishaolewa ziwani na simu zao hazipatikani. Kule wanafunika pia, wavuvi wakitolewa majini. Basi la kwenda Kasanga linaondoka asubuhi. Mama Gaudensia amesema tukae siti moja, ila nisimsemeshe mpaka tufike.