Ngata Chini ya Sanduku la Makombora

Nilitoka Tabora kwa sababu ya simu ya shangazi yangu, Mwajuma, anayeishi London. "Njoo na macho yako," aliniambia. Nilidhani ni utani wake wa kawaida. Alitaka tukaangalie picha za vita vya Mjerumani na Mwingereza, kwa vile babu yake alibebeshwa makombora ya mizinga na hakurudi. Picha yake hatuna hata moja.

Edmonton, mtaa wake huko London, nilifika nikitetemeka kwa baridi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekonda, au ni hilo koti?"

Alinipikia ugali, akanikalisha karibu na hita. Nilimpenda upya usiku ule.

Asubuhi tulipanda treni hadi kwenye hifadhi ya picha. Mama mmoja mpole wa pale alituletea kadi yenye picha mbili zinazofanana, akaichomeka kwenye kifaa cha mbao chenye lenzi mbili. Nikachungulia. Zile mbili zikawa moja, na mdomo wa mzinga ukanijia hadi puani. Nyuma yake walisimama wapagazi, masanduku kichwani, kila mmoja na nafasi yake.

Nikampa shangazi kile kifaa. Akakirudisha.

"Nilishakuja peke yangu. Jicho la kushoto limekufa, na hiki kitu kinataka yote mawili. Kwangu ni karatasi tu. Niambie wewe. Tazama ngata."

Nikaelewa kwa nini aliniita. Katika ukoo wetu, kitambaa cha ngata kinachokaa kati ya kichwa na mzigo huachwa mkia unaoning'inia sikioni, wa kufutia jasho. Majirani hutucheka kwa hilo. Nilitazama kichwa kimoja kimoja.

"Yupo mmoja, shangazi. Karibu na gurudumu. Mkia unaning'inia."

"Sura?"

"Kivuli cha sanduku kimeifunika."

Akanishika mkono. "Mwamkie basi."

Nilimwonea haya yule mama, lakini nikachungulia tena. "Shikamoo, babu."

Kisha shangazi akaitikia kwa niaba yake, taratibu, "Marahaba, mjukuu wangu." Machozi yakanitoka, nisione tena mzinga wala watu.

Nimerudi Tabora. Kama alikuwa yeye, sijui, na nimejifunza kuishi na kutojua huko. Jana nilipokwenda kuchota maji, niliuacha mkia wa ngata mrefu kuliko kawaida. Majirani wakacheka. Nami nikajifutia jasho.