Maji ya Uvuguvugu

Mama anayeosha marehemu wa kanisa huvua pete kwanza, huifunga kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwa, kisha huyapima maji kwa kiwiko kama anayeogesha kichanga. Tena huongea na kila anayemwosha. "Geuka kidogo, binti, usinibebeshe peke yangu." Siku hiyo dada mkubwa wa marehemu, aliyeshindwa kuvuka kizingiti cha chumba cha kuoshea tangu asubuhi, alitega sikio ajue kama sauti ile itabadilika kwa mdogo wake, aliyekufa baada ya kutoa mimba. Haikubadilika. Shangazi yao ndiye aliyeguna: "Na huyu naye unamwosha kama watakatifu?"

"Mwenzangu, mtakatifu sijaletewa hata mmoja," alijibu huku akisugua kisigino. Alipofika tumboni akatulia, akauacha mkono hapo, midomo ikicheza. Dada mkubwa hakuweza kujizuia. "Unamwombea nani, mama? Yeye au mtoto?"

"Wote wawili. Aliyewaumba ni mmoja, na sidhani kama kwake wamepishana mlangoni, mmoja akiingia mwingine akitolewa." Akainua macho. "Ingia basi, mwanangu. Nishikie kichwa, shingo yake isichoke."